Ethanoli ya Mbeya inachemka nyuzi 73 na wala haijachakachuliwa

Juzi kati nilipigiwa simu na jamaa mmoja anauza kemikali, tunajuana siku nyingi, sauti yake tu ukiisikia unajua kuna hela imekwama mahali. "Dada habari za kazi, naomba unisaidie, mzigo wangu unataka kurudishwa, wanasema nimechakachua." Mzigo wenyewe ni ethanoli, kaitoa Dar, kaishusha kwa watu fulani hapa mjini wanaotengeneza sanitaiza na vitu vya kusafishia. Kijana wao wa stoo kasoma kemia, safi kabisa, kachukua sampuli kaipima inachemka nyuzi ngapi, akapata 73. Cheti cha mzigo kinasema 78.3. Kwenye kitabu methanoli, ile alkoholi yenye sumu, inachemka 64.7. Sasa 73 si iko katikati ya 64.7 na 78.3, basi ripoti ikaandikwa imechanganywa na methanoli, malipo yakasimama palepale.

Mi nilimuuliza swali moja tu, walipimia wapi? Akasema hapahapa Mbeya, ofisini kwao. Nikamwambia tulia kunywa chai, ethanoli yako inawezekana ni nzima na inawezekana sio nzima, ila hiyo 73 peke yake haijakufunga wala haijakutoa.

Nimekuwa kwenye labu za kufundishia miaka sasa, na hiki kipimo cha kiwango cha kuchemka ndo watu wanakidharau kuliko vyote, wanaona ni cha fomu tuu, unachemsha unasoma namba unaandika unaenda kula. Alafu hapohapo ndo wanakiamini kupita kiasi, namba ikitoka tofauti na ya kitabu kesho yake mtu anaitwa mwizi. Mimi naona vyote viwili ni makosa na leo nataka nieleze kwa urefu maana nimechoka kueleza kwa simu.

Kwanza kuchemka ni nini. Kimiminika chochote kina mvuke wake unaotaka kutoka, na ukikipasha joto huo mvuke unasukuma kwa nguvu zaidi na zaidi. Juu yake kuna hewa inakandamiza. Presha ya mvuke ikifika sawa na presha ya hewa iliyopo hapo ulipo, viputo vinaanza kuzaliwa ndani kabisa ya kimiminika sio juu juu tu, na hapo ndo tunasema kinachemka. Kwahiyo ukiangalia vizuri, hiyo namba ina wenyewe wawili, kemikali na hewa ya mahali. Kitabu kinaposema ethanoli 78.3 kinamaanisha pale presha ya hewa ikiwa milimita 760 za zebaki, yaani usawa wa bahari, yaani Dar, Tanga, Mombasa huko. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu inakandamiza kwa kama milimita 620 tu. Kuna milimita 140 hatuna kabisa!

Mtu wa huku hahitaji kuambiwa hili na mtu wa labu, muulize mama yeyote aliyehamia kutoka Dar alivyoshangaa maharage yaleyale yamegoma kuiva. Maji hapa yanatokota kwenye nyuzi 94 na kidogo, ukiongeza kuni unaongeza mvuke tu, joto halipandi. Dodoma ni kama 96. Nairobi wako sawasawa na sisi. Wale wanaopanda Kilimanjaro wakifika Kibo Hut kwenye mita 4,700 na ushee maji ya chai yanachemka kwenye 84 hivi, na ukiyachemshia kileleni kabisa ni 80. Kanuni ya haraka haraka ni kila mita 300 unazopanda unapoteza nyuzi moja ya maji.

Na hii sio habari mpya. Anders Celsius mwenyewe mwaka 1742 alipotoa kipimo chake alikuwa anajua kabisa maji hayachemki kwenye joto moja siku zote, inategemea na presha ya hewa, ndo maana ilibidi ataje na presha. (Halafu yeye alikipanga kichwa chini, sifuri ndo maji yanapochemka na 100 ndo barafu, watu wakaja kukigeuza baadae.)

Hata hapa kwetu kuna kisa chake. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858 hawakuwa na jipiesi wala nini, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari walikuwa wanaupata kwa kuchemsha maji na kusoma themometa, alafu unarudi nyuma kwa hesabu, maji yamechemka nyuzi kadhaa basi tupo juu kiasi kadhaa. Wakapata ziwa liko futi kama 1,800 juu ya bahari, kama mita 550. Leo tunajua ziwa liko mita kama 773. Sasa piga hesabu na ile kanuni ya mita 300 kwa nyuzi moja, wamekosea zaidi ya mita 200, hiyo ni themometa imekosea chini ya nyuzi moja! Robo tatu hivi ya nyuzi. Mtu ametembea kutoka pwani miezi na miezi, wapagazi wamekufa njiani, alafu kipande kidogo cha kioo kinakudanganya kwa robo tatu ya nyuzi na hiyo namba inaenda kuingia kwenye mabishano ya Nile inaanzia wapi. Mi nikiwa na wanafunzi wanaosema "Madam nyuzi moja si chochote" huwa nawapa hiki kisa.

Haya turudi kwa jamaa. Nikamwambia aniletee sampuli, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kizuri, sio chupa ya maji ya kunywa. Na nikaomba wale wa stoo waje pia waone kwa macho, maana mambo ya hela ukipima peke yako utaambiwa mmeelewana.

Kitu cha kwanza sikugusa ethanoli. Nilipima maji. Maji yaliyokenekwa, masafi, nikayachemsha na themometa ileile nitakayotumia kwenye ethanoli, nikapata 94 na pointi kama nne. Hapo kwa mpigo mmoja unapata vitu viwili: unajua themometa yako iko sawa au imechoka, na unajua presha ya hewa ya siku hiyo kwenye chumba hicho, maana jedwali la mvuke wa maji linakuambia 94.4 ni kama milimita 620. Ila kama hujawahi kuihakiki themometa huwezi kupata vyote viwili, utajikuta unaitumia kujihukumu yenyewe, hivyo ile ya kwangu nilikuwa nimeshaipima kwenye barafu inayoyeyuka kabla na ilikaa kwenye sifuri yake vizuri.

Hapa kuna mtego wa kisasa lazima niuseme. Vijana siku hizi ukiwaambia andika presha ya hewa wanatoa simu, wanafungua app ya hali ya hewa, wanaandika hektopaskali 1016. Mbeya! Hiyo 1016 ni namba iliyorekebishwa kana kwamba tupo usawa wa bahari, watu wa hali ya hewa wanafanya hivyo makusudi ili waweze kulinganisha mji na mji kwenye ramani. Presha ya kweli inayokandamiza bika lako hapa ni kama 827, yaani zile milimita 620. Ukiweka 1016 kwenye fomula unapata marekebisho ya sifuri na ethanoli ya watu inageuka methanoli. Kama simu yako ina sensa ya presha ndani hiyo inasoma ya kweli, ila sio kila simu inayo.

Kipimo chenyewe nilitumia njia ya Siwoloboff, njia ya kizee, aliiandika 1886 na mpaka leo ipo kwenye miongozo ya OECD (shirika la kimataifa la maendeleo ya uchumi) ya kupima kemikali pamoja na mashine za bei mbaya. Naipenda kwa sababu inakula matone machache tu ya sampuli na vifaa vyake hata shule ya kata inaweza kuvipata. Unachukua katubu kadogo ka kioo, unaweka matone ya ethanoli kimo cha sentimita mbili hivi. Alafu unachukua kapilari, vile vijineli vyembamba vya kioo vya kupimia kuyeyuka, unaziba ncha moja kwa moto, unaitumbukiza kwenye ethanoli ile ncha iliyo WAZI ikiwa chini na iliyozibwa juu. Watu wengi wanageuza hapa na kipimo chote kinakufa. Katubu unakafunga kwenye themometa kwa kipande cha mpira, usawa wa ile balbu, na mpira hakikisha unakaa juu ya mafuta maana mafuta ya moto yanaulainisha unateleza na kila kitu kinazama.

Vyote hivyo vinaingia kwenye tubu ya Thiele. Hii ni ya Johannes Thiele, Mjerumani, 1907, ni tubu yenye mkono wa pembeni uliopinda, unaijaza likwidi parafini, ile ya duka la dawa jamani sio mafuta ya taa, unapasha huo mkono wa pembeni tu na mafuta yanazunguka yenyewe, ya moto yanapanda ya baridi yanashuka, hamna haja ya kukoroga. Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa mvivu mwenye akili.

Sasa pale ndo pana raha yake. Unapasha taratibu. Mwanzo vinatoka viputo kimoja kimoja kutoka mdomo wa kapilari, hiyo ni hewa tu iliyokuwa ndani inatanuka, usiandike chochote. Unaendelea, ukikaribia unapunguza moto, nyuzi mbili kwa dakika hivi. Ghafla viputo vinaanza kutoka mfululizo bila kukatika, kama shanga zinazovutwa kwenye uzi, na hapo ndo mwanafunzi anapiga kelele "Madam imechemka!" na kuandika namba. Bado. Mwambie aweke kalamu chini. Unaondoa moto, unaacha mafuta yapoe yenyewe, viputo vinapungua kasi, vinakuwa kimoja kimoja tena, alafu kuna kiputo cha mwisho kinaning'inia pale mdomoni mwa kapilari, hakitoki na hakirudi. Unakodoa macho hapo. Mara kinarudi ndani na ethanoli inapanda kwenye kapilari. Namba inayosomwa kwenye themometa sekunde ileile ndo kiwango cha kuchemka.

Kwanini wakati wa kupoa na sio wakati wa kupasha? Kwa sababu kimiminika kikiwa kinapashwa kinaweza kupitiliza, kinafika joto la kuchemka na hakichemki, hasa kwenye kioo kisafi laini kisicho na pa kuanzia viputo. Ndo maana kwenye chupa kubwa tunaweka vipande vya kauri kabla ya kuwasha moto (KABLA, ukivitupia kwenye kimiminika cha moto kinaruka chote usoni kwako). Lakini kikiwa kinapoa na ndani ya kapilari pameshajaa mvuke mtupu, hewa yote ilishafukuzwa, ule mvuke wa ndani unashindana na hewa ya nje moja kwa moja. Ukiwa na nguvu zaidi, unatoka kama kiputo. Ukizidiwa, kimiminika kinasukumwa ndani. Ile sekunde ya kiputo kuning'inia ndo wamelingana, na kulingana huko ndo maana yenyewe ya kuchemka niliyoeleza pale juu. Yaani unaiona kwa macho. Mashine zinakupa namba tatu baada ya nukta lakini hazikuonyeshi hiki kitu.

Ethanoli ya jamaa ikasoma 73 na nusu kasoro kidogo. Kijana wa stoo akaniangalia kama vile "si unaona." Nikamwambia chukua kalkuleta.

Kuna fomula ya Sydney Young ya kurekebisha: unachukua 760 unatoa presha yako, unazidisha na kiwango cha kuchemka cha kitabu ukishakiongezea 273, alafu unazidisha na 0.00012 kwa vimiminika vya kawaida au 0.00010 kwa vile ambavyo molekuli zake zinashikana sana, maji, alkoholi, asidi. Ethanoli basi: 760 toa 620 ni 140. 78.3 jumlisha 273 ni 351. Mara 0.0001. Inakuja 4.9. Yaani Mbeya ethanoli safi INATAKIWA kuchemka kwenye 73.4. Ingechemka kwenye 78 hapa ndo ningeshtuka, ningejua kuna maji ya kutosha humo. Kwa asetoni unatumia ile 0.00012 na inashuka nyuzi 5 na nusu, kutoka 56 mpaka 50 na nusu. Kwanini alkoholi inashuka kidogo kuliko asetoni wakati namba yake ya kuchemka ni kubwa? Molekuli za alkoholi zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, kuzitenganisha ziwe mvuke kunadai nishati nyingi, na kimiminika kinachodai nishati nyingi ndo presha ya mvuke wake inavyobadilika kwa haraka joto likipanda kidogo, hivyo nyuzi chache tu zinatosha kufidia tofauti ya hewa.

Wakati tupo kwenye namba za vitabu, ukikuta kitabu kimoja kinasema maji 100 na kingine 99.6 usigombane na mtu. Siku hizi IUPAC, chama cha kimataifa cha kemia, wanatumia presha ya kilopaskali 100 kamili kama kiwango, zamani ilikuwa 101.325, na hiyo tofauti ndogo ndo inaleta zile pointi.

Jamaa alishaanza kutabasamu hapo, kashika simu anataka kumpigia bosi. Nikamzuia. Kwa sababu hapa ndo penyewe, na hapa nilikuwa upande wa kijana wa stoo. Swali lake lilikuwa zuri, kipimo ndo hakikuwa chake. Methanoli sio mchezo. Novemba 2000 kule Nairobi zaidi ya watu mia walikufa kwa pombe yenye methanoli na wengine wakapofuka, na Mei 2014 Kenya ikatokea tena ikaua watu wengi. Mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, hiyo ndo inakula macho. Hata kwenye sanitaiza hutaki mtu ajipake hiyo kila siku. Kwahiyo mtu akihisi methanoli asichekwe.

Ila kiwango cha kuchemka hakiwezi kukuhakikishia methanoli haimo. Weka methanoli asilimia kumi hivi kwenye ethanoli, namba inashuka nyuzi moja au mbili tu. Weka asilimia mbili tatu, inapotelea kwenye makosa ya themometa. Na mbaya zaidi, maji yanapandisha namba na methanoli inashusha, hivyo mchakachuaji mwenye bahati anaweza kuweka vyote viwili, na themometa ikasoma palepale panapotakiwa, kila mtu akapiga makofi. Ukisema basi nitapima uzito kwa haidromita, ethanoli ni 0.789 na methanoli 0.791 kwenye nyuzi 20, utatofautisha na nini hapo? Kipimo cha mwanga kupinda kinawatenga vizuri, 1.361 na 1.329, ila maji ni 1.333 na yenyewe yanakuja kukuvuruga hapohapo.

Kuna vijanja viwili vya labu ya kimaskini vinavyosaidia. Kwenye ile kapilari usiishie kusoma mara moja, pasha tena, soma tena, na tena. Kitu kisafi kinarudia namba ileile. Mchanganyiko unapanda kidogo kidogo kila raundi kwa sababu kile chepesi kinatoroka kwanza. Kijanja cha pili ni kukeneka mililita 100 hivi taratibu na kuangalia themometa ya juu inavyofanya matone ya kwanza yakitoka, kama kuna methanoli ya maana ndo inatangulia, joto linaanzia chini alafu linapanda. Ya jamaa ilikaa palepale mwanzo mpaka karibu na mwisho. Hata hivyo kukaa palepale nako kusikulewesha, maana ethanoli ya asilimia 95.6 na maji yaliyobaki huwa vinachemka pamoja kwa joto moja bila kutengana, 78.2 pwani, unaweza kukeneka mpaka kesho na themometa haitikisiki na maji bado yamo.

Kwahiyo kwenye karatasi niliandika nilichoona tu. Kwamba kwenye presha ya 620 imechemka kwenye joto linalotakiwa, kwamba hakuna dalili ya methanoli nyingi, na kwamba kama wanataka uhakika wa methanoli kidogo wapeleke sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikapitishwe kwenye gesi kromatografia, ile mashine inatenga kila kimoja na kukitaja kwa asilimia. Kijana wa stoo akaomba fomula, nikamuandikia. Jamaa akaomba neno "safi" liongezwe kwenye karatasi. Nikakataa, akanuna, tukaagana vizuri tu.

Mambo mengine mafupi kwa mnaofundisha. Themometa za zebaki zinazidi kupotea, mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje na kuingiza nyingi ya hizo, na kwa afya ni sawa, ila zile nyekundu za spiriti zinazokuja badala yake nyingi zinadanganya nyuzi moja au mbili na ule uzi mwekundu unakatika katika, hivyo zihakiki kila muhula kwenye barafu na kwenye maji yanayochemka, na mkiweza nunueni hata moja ya kidijitali nzuri muwe nayo ya kulinganishia. Kwa vitu vinavyochemka juu sana, 150 kwenda juu, kumbuka sehemu ya themometa iliyo nje ya mafuta ni ya baridi, zebaki ya huko haijatanuka vya kutosha na namba inasoma chini kuliko ukweli, ukiwa na nyuzi mia za themometa nje na mafuta ni 180 unaweza kupungukiwa nyuzi mbili.

Moto. Asetoni inaweza kushika moto hata kwenye ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa mezani unautafuta moto wenyewe. Matone ya kwenye kapilari hayatishi, kinachotisha ni ile chupa ya lita mbili na nusu mtu kaiacha wazi pembeni ya bana, lile jiko la gesi la labu. Chupa irudi stoo kwanza ndo moto uwashwe. Etha mimi hata sipimishi wanafunzi, inachemka 34.6 pwani, huku kwetu ni chini ya 30, siku ya jua kali kidogo inakuchemkia mkononi, na ikikaa muda mrefu inatengeneza peroksaidi zinazolipuka. Toluini ya 110.6 nayo tunaipimia dirisha likiwa wazi.

Kila mwaka lazima atokee mmoja, mara nyingi ni mtoto wa Pemba, anataka kupima mafuta ya karafuu. Yujinoli ambayo ndo sehemu kubwa ya mafuta hayo inachemka kama 254, na likwidi parafini yetu kabla haijafika huko imeshaanza kufuka moshi labu nzima, na yenyewe yujinoli inaanza kuungua kabla hujasoma kitu cha maana. Swali linalofuata huwa ndo zuri, sasa kule Pemba kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) Wawi wanayatoaje kama yanachemka 254? Wanapitisha mvuke wa maji. Vimiminika viwili visivyochanganyika kila kimoja kinatoa mvuke wake kama vile mwenzie hayupo, presha zao zinajumlishwa, na kwa pamoja zinafika presha ya hewa mapema kabla maji peke yake hayajafika, hivyo mafuta ya nyuzi 254 yanatoka chini ya 100 bila kuungua. Huyo mwanafunzi namwambia alete karafuu zake wiki inayofuata, tunazichemsha na maji kwenye mtambo mdogo wa kukeneka, mafuta yanashuka chini ya maji kwenye chupa ya kupokelea maana ni mazito kuliko maji, na themometa yetu ya Mbeya muda wote imekaa kwenye 94.